Namna Wazee Wetu Walivyotusomesha Habari za Dini Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskati

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ami yetu mwenyekiti alinitaka niseme machache juu ya dini na historia. Nilimjibu kwamba mimi si shekhe; nimekula umri wangu katika ukarani wa bandari. Akaniambia: "Mashekhe wana vikao vyao. Sisi twataka mtu wa nyumbani." Basi mnivumilie.

Nitaanza na simu. Miaka michache iliyopita binti wa ndugu yangu, asomaye chuo kikuu Uingereza, alinipigia usiku. Alikuwa amesali pamoja na wenziwe, mikono ameiachia kama tusalivyo sisi. Wakamwuliza madhehebu yake. Aliposema Ibadhi, mmoja akamwambia: "Ah, nyinyi ndio Khawarij, mliomuua Sayyidna Ali." Akaniuliza, "Ami, ni kweli?" Nami nikamjibu, "Waambie sisi ni Waislamu, basi." Tukaagana. Jibu lile halikuwa uongo, lakini halikuwa jibu, na yeye alijua. Tangu usiku ule hakuniuliza tena jambo la dini.

Lililoniuma ni kwamba mimi nilisomeshwa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu tulipotoka Unguja mwaka 1964, lakini nilikwishakaa miaka mingi barazani kwa marehemu babu, baina ya magharibi na isha. Babu hakutusomesha historia kwa kitabu. Akitusomesha kwa majina. Nani alimsomesha yeye, nani alimsomesha mwalimu wake, mpaka tuvuke bahari tufike Nizwa, kisha Basra kwa Imamu Jabir bin Zaid, mtu wa Firq karibu na Nizwa, aliyesoma kwa Ibn Abbas, Sahaba wa Mtume, sala na amani zimshukie. Aliyekosa jina moja akianza upya. Tukilia, wallahi.

Baadaye nilifahamu kuwa ile haikuwa tabia ya babu peke yake. Madhehebu yetu ilipokea dini mkononi mwa watu, na waliotumwa kuipeleka nchi za mbali waliitwa wabebaji wa ilimu. Mwalimu wao alikuwa Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, msuka vikapu. Yasimuliwa kuwa alisomesha Basra ndani ya chumba cha chini ya ardhi kwa hofu ya watawala. Mlangoni aliwekwa mtu mwenye mnyororo, na akipita mgeni mnyororo hutikiswa, darasa likanyamaza na mikono ikashika vikapu. Babu akituhadithia haya huku bibi yupo pembeni anasuka ukili, nami kwa muda mrefu nilidhani Basra ni mahali fulani karibu na Bububu.

Kutoka darasa lile ndiko walikotoka waliomsimamisha Imamu wa kwanza wa Oman, Julanda bin Masoud, mwaka 132 wa Hijra, yaani 750. Na ndiko alikotoka Abdurrahman bin Rustam, aliyeasisi dola ya Tahart, katika Algeria ya leo, mwaka 160. Ndugu zetu wale wapo hata leo katika bonde la Mzab, katika kisiwa cha Jerba na katika milima ya Nafusa. Na Unguja ilikuwa na sehemu yake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta mtambo wa kupigia chapa, na vitabu vikubwa vya madhehebu, kikiwamo tafsiri ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfiyyash wa Mzab, vikachapishwa pale kisiwani petu.

Babu pia akitufundisha hali nne ambazo kwazo maulamaa wetu huzipima zama: kudhihiri, pale Imamu anapotawala wazi, kujilinda, adui anapovamia, kuiuza nafsi kwa Mwenyezi Mungu, kama alivyofanya Abu Bilal Mirdas na watu wake arubaini, waliouawa mwaka 61, na kujificha, kama Basra. Mtoto akisimuliwa kisa, huulizwa: hii ni hali gani? Nadhani ndiyo maana wazee wetu, yalipowafika ya 1964, hawakupiga kelele sana. Walikuwa na jina la hali waliyokuwa nayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Katika madhehebu yetu mtu anatakiwa ajue nani wa kumpenda kwa ajili ya Mungu na nani wa kujitenga naye. Kwa hiyo historia kwetu ni hukumu, na mwenye kuhukumu hana budi atazame hata nyumba yake. Imamu Salt bin Malik alitawala Nizwa miaka thelathini na mitano. Alipokuwa mzee dhaifu, katika mwaka 886, Musa bin Musa na wenziwe walimwondosha, akawekwa Rashid bin Nadhr. Makabila yakapigana, na mwaka 893 jeshi la Bani Abbas likaingia Oman kwa mwaliko wa Waomani wenyewe. Aibu kubwa! Wangeweza kuifunika. Hawakuifunika. Maulamaa wa Rustaki walisema ni wajibu kujitenga na walioasi. Wa Nizwa wakasema tusimame, tusihukumu tusiyoyashuhudia. Na Sheikh Abu Said al-Kudami akatunga kitabu kizima, al-Istiqama, juu ya mas-ala hayo. Walibishana kwa vizazi, lakini kisa kilisomeshwa.

Na sisi je? Tulipokuja Maskati katika miaka ya 1970, Kiarabu chetu kikiwa kibovu na watu wakituita Wazanzibari, tulitaka watoto wetu wawe kama wenzao. Kiswahili tukakipunguza, na visa vikaondoka nacho. Tukasema shule itawafundisha. Lakini kwa miaka mingi vitabu vya dini vya shuleni vilifundisha Uislamu wa jumla pasi na kutaja madhehebu, ili wananchi wawe kitu kimoja, na hilo silaumu. Wizara ya urithi, tangu kuundwa 1976, imechapisha vitabu vya kale kwa wingi. Vyote ni vya Kiarabu. Wajukuu wetu wa hapa wanaweza kuvisoma na hawataki. Wale wa Uingereza wangetaka, hawawezi. Shemeji zetu Mashafii wametutangulia: Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyefariki hapa Oman mwaka 1982, aliwaandikia kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wao wa Afrika Mashariki.

Binti yangu wa Uingereza yumo humu ukumbini. Mwanangu, jibu lako limechelewa, nalo ni hili. Ni kweli wazee wetu wanajinasibisha na waliopinga kuhukumishwa watu baada ya Siffin, wakauawa Nahrawan mwaka 38. Usilifiche. Aliyemuua Sayyidna Ali mwaka 40 ni Ibn Muljam, na kitendo chake si mafundisho yetu. Na Nafi bin al-Azraq alipotangaza kuwa Waislamu wasiomfuata ni washirikina na damu yao ni halali, wazee wetu wa Basra walimkataa, wakabaki wanaoana na Waislamu wenzao, wanarithiana nao na kusali nyuma yao. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Na kwa kuwa nimesema tusifiche, nimalize. Ile shajara ya nasaba iliyotundikwa ukutani imeandikwa kwa hati nzuri, nami nawashukuru walioigharimia. Ina wanaume wa vizazi tisa. Haimo hata mama mmoja. Nusu yetu tuliomo humu tumezaliwa na kizazi cha bibi aliyeletwa Unguja kutoka bara, mtoto mdogo, akawa suria wa babu mkuu. Wazee wote wanalijua jina lake, nasi watoto tukilisikia likisemwa kwa sauti ya chini, kama mnyororo umetikiswa. Lakini mlangoni hapakuwa na mgeni. Tulikuwa sisi kwa sisi.

Nimezungumza na ami mwenyekiti, na hakukataa. Baada ya sala ya alasiri shangazi yetu mkubwa atakaa ukumbi wa wanawake, na wanaume tutasikiliza kutoka barazani. Atataja majina ya mama zetu kwa kadiri anavyokumbuka, na habari za shamba, nani aliyepanda mikarafuu na nani aliyeichuma. Vijana wenye simu wamrekodi, na mwenye hati nzuri aje na kalamu. Chini ya shajara nimebandika karatasi tupu.