Makasha Manne Juu ya Kabati: Maneno Juu ya Kuhifadhi na Kusikiliza Sahani za Piano za Jazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo imepigwa chapa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Sisi tuliokabidhiwa Maktaba ya Chama tumetakiwa kusema juu ya makasha manne ya sahani za santuri ambayo mzee wetu mmoja, karani wa masjala kwa miaka mingi, alituachia kabla ya kufariki. Kila mmoja wenu ameyaona juu ya kabati. Walioyafungua ni wachache. Sasa ametokea mnunuzi, naye ataka kuyachukua yote kwa bei inayozidi ada zetu za mwaka mzima. Wako wasemao tuyauze tuzibe paa la ukumbi. Wako wasemao tusiyauze kamwe. Halmashauri itakata shauri mwezi ujao. Walakini haifai mtu kukata shauri juu ya jambo asilolijua, kama vile haimpasi karani kuandika jibu la barua ambayo hakuisoma. Basi jioni hii hatukuja kumshurutisha mtu. Tumekuja kuwasomea barua yenyewe.

Yaliyomo katika makasha hayo ni muziki wa jazi uliopigwa kwa piano na Wamarekani Weusi. La kwanza lina maneno na muziki wa Jelly Roll Morton; la pili ni la Albert Ammons na Meade Lux Lewis; la tatu ni la Art Tatum; na la nne ni la Thelonious Monk. Pamoja nayo zipo sahani chache za zamani, zile nzito zivunjikazo upesi.

Tuanze na hizo nzito. Zilitengenezwa kwa lakri, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, ndugu ya ile lakri ya kutilia bahasha muhuri. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika tatu tu au kuzidi kidogo. Kwa hiyo mpigaji alikuwa kama mtu aandikaye simu ya maneno, ambaye kila neno atalilipia: asiseme la bure, wala asiache la lazima. Msikilizaji akilikumbuka hilo, atafahamu kwa nini muziki huo hauna mapumziko.

Katika sahani hizo nzito tulikuwa nayo moja ya James P. Johnson, aliyezaliwa katika jimbo la New Jersey mwaka wa 1894. Mtindo wake ni huu: mkono wa kushoto hugusa sauti nzito ya chini, kisha huruka katikati ya piano na kupiga sauti tatu au nne kwa pamoja, kisha hurudi chini, kama mtu apigaye hatua ndefu, na mkono wa kuume huchezea juu yake. Wimbo wake Carolina Shout aliutia sahanini mwaka wa 1921, nao ulikwisha kutobolewa katika karatasi za piano ijiendeshayo yenyewe. Kijana Duke Ellington alijifunza wimbo huo kwa kuipunguza mbio mashine hiyo na kuweka vidole vyake mahali vibao vilipobonyea.

Mtindo huu ulikuzwa katika karamu za kodi. Mtaani Harlem, mjini New York, kodi za nyumba zilikuwa kubwa na mishahara midogo. Mpangaji aliyeona mwisho wa mwezi wakaribia alifanya karamu chumbani mwake, akamwita mpiga piano, na kila aingiaye alitoa senti mlangoni. Asubuhi kodi ililipwa. Hatudhani kwamba kuna mwanachama hapa atakayehitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Lakini huyo Johnson, aliyewasaidia wengi kulipa kodi, alipofariki mwaka wa 1955 alizikwa mtaa wa Queens pasipo jiwe lenye jina lake. Jiwe liliwekwa mwaka wa 2009, baada ya miaka 54, kwa fedha zilizokusanywa na wapenzi wa muziki wake. Nao walimjuaje, ilhali wengi wao hawakupata kumwona? Walimjua kwa sahani.

Sasa natulifungue kasha la Ammons na Lewis. Muziki wake huitwa bugi-wugi: mkono wa kushoto hurudia mapigo yale yale pasipo kuchoka, na mkono wa kuume husimulia. Lewis alitunga wimbo wa gari la moshi, Honky Tonk Train Blues, akautia sahanini mwaka wa 1927. Kampuni ile ikafa katika miaka ya 1930, na bamba zake za chuma nyingi hazikuhifadhiwa. Jina la Lewis likapotea. Mwaka wa 1935 John Hammond, aliyekuwa na sahani ile na kuipenda, alimtafuta mpaka akampata Chicago, yuaosha motokaa kwa ujira. Akatia wimbo wake upya. Tarehe 6 Januari 1939, Alfred Lion, mtu aliyetoka Berlin, aliwaweka yeye na Ammons mbele ya piano siku moja, na kutoka siku hiyo ikaanza kampuni ya Blue Note. Kazi yote hiyo ilifuata kwa sababu sahani moja haikutupwa.

Mwenzao Jimmy Yancey, ambaye wao wenyewe walimheshimu kuwa mwalimu, alikuwa mtumishi kama sisi. Kwa muda wa miaka 25 hivi, tangu mwaka wa 1925, alitunza nyasi za uwanja wa mpira mjini Chicago, na piano aliipiga baada ya kazi. Hakutiwa sahanini mpaka mwaka wa 1939. Ana desturi moja ya kuchekesha: wimbo ukianzia sauti yo yote, yeye humalizia katika sauti ile ile moja, kama karani mwenye namna moja tu ya kutia sahihi. Twamtaja kwa ajili ya wale wasemao kwamba mtu wa ofisi hana nafasi ya sanaa.

Kasha la Morton ni la namna nyingine. Mwaka wa 1938, alipokuwa Washington, sifa zake zimefifia na mkono mtupu, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani alimketisha penye piano akamwacha aseme. Akasema na kupiga kwa zaidi ya saa nane: maisha ya New Orleans, wapiga piano wa ujana wake, nyimbo za mazishi, ugomvi, na majivuno yake mwenyewe, kwani alidai kwamba jazi ameivumbua yeye. Alilalamika hadi mwisho kwamba malipo ya nyimbo zake hayakumfikia. Alifariki Los Angeles mwaka wa 1941. Maneno yale yote yalitolewa kwa ukamilifu mwaka wa 2005, katika kasha la sahani nane. Hapa si lazima kuamini kila asemalo. Ni ushahidi wa mtu mmoja, nao wafaa kupimwa kama ushahidi wo wote. Lakini kama Maktaba ile isingaliandika, leo tusingalikuwa na la kupima.

Art Tatum alizaliwa Toledo, Ohio, mwaka wa 1909, jicho moja halioni na la pili laona kidogo sana. Wapigaji wenzake walipomsikia, wengine waliona haya kugusa piano baada yake. Kuanzia Desemba 1953 Norman Granz alimwambia apige atakalo, pasipo kuhesabiwa dakika, kwa maana sahani ndefu zilikwisha kupatikana tangu mwaka wa 1948. Kwa vikao vichache akatia nyimbo zaidi ya 100 peke yake, nyingi zikipigwa mara moja tu. Alifariki mwezi wa Novemba 1956. Granz angalingoja miaka mitatu, kasha hilo lisingalikuwako.

La Monk lahusu karatasi, na kwa hiyo latuhusu sana. Mjini New York siku hizo mpigaji hakuruhusiwa kufanya kazi katika nyumba ziuzazo pombe bila ya cheti cha polisi. Monk aliipoteza ruhusa yake mwaka wa 1951, naye hakurudishiwa mpaka mwaka wa 1957. Miaka sita mtu asiye na mfano alizuiwa kupiga mahali pa haki yake, kwa ajili ya kipande cha karatasi. Aliendelea kutia sahani. Sahani zilikwenda mahali asiporuhusiwa kwenda. Kazi zake za kwanza, zilizoanza mwaka wa 1947, zilikusanywa mwaka wa 1983 katika kasha la kwanza la kampuni ya Mosaic, kwa idadi maalum, kila kasha na namba yake. Ndiyo sababu bei imepanda. Wengine walipomsikia mara ya kwanza walidhani kwamba anakosea vibao. Msikilizeni mara tatu, na mtaona kwamba kila kosa linarudi mahali pake. Na kosa lirudilo mahali pake si kosa, ni sheria.

Tena, asije mtu akasema kwamba mambo haya ni ya mbali. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alitia sahani iitwayo Uhuru Afrika mjini New York. Maneno yake ya mwanzo, yaliyotungwa na Langston Hughes, yalisemwa kwa Kiswahili pia, na msemaji alikuwa Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Uhuru wenyewe ulifika Tanganyika Desemba 1961, baada ya mwaka mmoja na mwezi. Na mwaka wa 1971 Herbie Hancock alitoa sahani ambayo jina lake ni Mwandishi. Makarani, jina hilo ni letu.

Sasa tueleze kasha ni kitu gani. Mtu aweza kudhani ni sanduku zuri la kumtia mnunuzi tamaa. Kasha lililotengenezwa vema ni masjala. Kila wimbo una tarehe, mahali, majina ya wapigaji, na namba ya bamba. Watengenezaji hutafuta sahani iliyo safi kupita zote, na pengine huipata katika nyumba ya mtu, si katika kampuni. Huchagua sindano ya kadiri ya mfereo, kwani mfereo wa sahani ya lakri una upana wa mara tatu hivi kuliko wa sahani ndefu. Wakizidi kusafisha mikwaruzo, huondoa na mng'ao wa piano. Wakisafisha kidogo mno, mvumo huchosha. Mzee wetu alilijua hilo, na pembeni mwa vitabu vya makasha aliandika kwa penseli maoni yake, kwa mwandiko ule ule tulioujua katika majalada.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Ile sahani ya James P. Johnson tuliyosema kwamba tulikuwa nayo, hatunayo tena. Tuliiazima kwa mwanachama siku ya sikukuu, pasipo kuandika katika daftari, kwa kuwa tulikuwa na haraka. Ilirudi vipande viwili. Hatuwezi kumlaumu, maana hatuna hata tarehe. Sisi ambao kila siku twawaambia wengine «andika kwanza» hatukuandika. Twaomba radhi mbele yenu, na mbele ya marehemu.

Kwa hiyo haya ndiyo mashauri yetu:

1. Kila sahani iandikwe katika daftari kabla ya mwisho wa mwezi huu, na maoni ya marehemu yanakiliwe. Hata tukiuza, daftari litabaki.

2. Sahani zisimamishwe wima, mbali na jua na mbali na lile paa livujalo; zishikwe ukingoni tu; na zile za lakri zisitoke ukumbini.

3. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tusikilize kwa muda wa saa moja, si zaidi. Nyimbo tano zatosha. Mtu amezaye kasha zima usiku mmoja hukumbuka uzito wake tu. Wimbo mmoja usikilizwe mara mbili: kwanza mkono wa kushoto, kisha wa kuume.

4. Mnunuzi aambiwe angoje mwaka mmoja. Ikiwa mwaka utakwisha nasi tumekaa peke yetu na viti vitupu, basi tuuze, na fedha ziende paani. Hatutapinga, kwa maana sahani isiyosikilizwa ni lakri tu. Lakini ikiwa viti vitajaa, paa tulitafutie fedha kwa njia nyingine. Watu wa Harlem walitufundisha moja: mlango, senti chache, na mpiga piano.

Jumamosi ijayo tutaanza na Yancey, mtunza nyasi, saa kumi na moja jioni. Daftari litakuwa mezani, na kila aingiaye ataandika jina lake.