Nani Anamfahamu Mzee Huyu? Huduma za Wazee na Mchanganyiko wa Watu Gonja



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzifanya huduma za wazee ziwafikie watu wa jamii zote. Mada pana kama hiyo ni rahisi kuizungumza kwa maneno matamu ambayo hayamsaidii mtu. Kwa hiyo nimeamua kukaa mahali pamoja, Gonja, upande wa mashariki wa Upare wa Kusini wilayani Same, na nitoke hapo pale tu itakaponilazimu.

Anayeijua Gonja anajua kwamba ni mbili. Iko Gonja ya juu, Bombo, Mtii, Vuje, penye migomba, tangawizi na Chasu, lugha ya Wapare, kinachosemwa tangu asubuhi hadi jioni. Iko na Gonja ya chini, kandokando ya barabara ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi: Maore, kisha Ndungu, kisha Kihurio. Huko chini ni mpunga na mkonge, na watu ni mchanganyiko. Mashamba ya mkonge ya njia hii ya Tanga yalileta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali, na wengine hawakurudi kwao. Mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, uliojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, ulivuta wengine. Wapo Wasambaa. Wapo Wamaasai na Waparakuyo, na baadhi yao walikuwa na maboma ndani ya Mkomazi hadi walipotolewa mwaka 1988, wakati Mkomazi ingali pori la akiba. Kijana aliyehamishwa siku zile akiwa na miaka 30 leo ni mzee kisheria.

Kwenye karatasi, mzee wa Tanzania hajasahauliwa. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya 2007 imesema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Hospitalini kuna dirisha la wazee, ukutani kuna tangazo la kumpisha mzee, na kuna mabaraza ya wazee kuanzia kijijini. Kaya maskini zina mpango wa TASAF. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ninachouliza ni mzee gani aliyekuwa kichwani mwa waliopanga.

Sera ya Wazee yenyewe inatujibu. Inasema familia ndiyo itakayobaki kuwa taasisi ya msingi ya kumtunza mzee. Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu Upareni familia maana yake ukoo, na ukoo unafanya kazi nyingi ambazo ofisi haizioni. Mzee anaposhuka kutoka Vuje na kujitaja kuwa ni Mbwambo, Mshana, Mfinanga au Msuya, jina hilo pekee ni nusu ya barua ya utambulisho. Karani akiwa Mpare, kabla hajafungua daftari ameshajua huyu ni wa upande gani, mjomba wake nani, na ni mtoto gani wa kupigiwa simu mjini. Akikosa kitambulisho, kuna wa kumdhamini. Akishindwa kutembea, wajukuu watambeba. Msaragambo wetu, ule utaratibu wa kutoka wote kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza njia, unatoka katika kufahamiana huko huko. Ni jambo zuri, na mimi nililelewa ndani yake.

Lakini tazameni linavyofanya kazi kwa mtu aliyekuja Ndungu kukata mkonge. Huyu hana jina linalomsemea. Kambi ilipopungua watu alibaki na kibanda na kajiploti, mke akafa, watoto wakatawanyika au hakuwapata. Ameishi hapa muda mrefu kuliko nilivyoishi mimi, na bado anaitwa mtu wa kuja. Ili apate msamaha wa matibabu anatakiwa athibitishwe kuwa hana uwezo. Nani athibitishe? Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii. Ngazi zote tatu zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: nani anamfahamu mzee huyu? Masikini mwenye ukoo ana watu kumi wa kusema ndiyo. Masikini asiye na ukoo ni masikini zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ana ushahidi mdogo zaidi wa umasikini wake.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote ni matawi yake. Kila sharti la kuthibitisha linachuja, na linaowachuja ni wale wale tunaosema tunawatafuta. Hakuna karani aliyekaa akaamua kumbagua manamba. Utaratibu unamtenga wenyewe, na kila mtu anakwenda nyumbani kwake akiwa amefanya kazi yake vizuri.

Chukueni suala la umri. Mzee wa miaka 80 leo alizaliwa katikati ya miaka ya 1940, na cheti cha kuzaliwa hana. Bibi wa mlimani atakwambia alikuwa mgongoni mwa mama yake wakati wa Mbiru, ule mgogoro wa kodi uliowasimamisha Wapare dhidi ya serikali ya Mwingereza kuanzia 1944 hadi 1947. Karani Mpare anaelewa mara moja, anatoa hesabu, anaandika. Sasa aje bibi wa Kimaasai kutoka upande wa Mkomazi. Nimemwona mmoja mbele ya meza ya uandikishaji, shanga shingoni, mtoto wa jicho amemfunga jicho la kushoto, mjukuu akimtafsiria. Aliulizwa mwaka wa kuzaliwa. Akafikiri, akajibu kwamba alipokuwa msichana wa kucheza ngoma, morani walikuwa Seuri. Mjukuu alilitafsiri jibu hilo kuwa “hajui”. Karani akaandika kwa macho, yaani alimtazama usoni akakisia, na makisio yakamweka chini ya miaka 60.

Jibu lile lilikuwa sahihi kuliko majibu mengi ya wasomi. Rika la Seuri lilianza kutahiriwa katika miaka ya 1950, likaendelea katika miaka ya 1960. Msichana aliyecheza na morani wa Seuri hawezi leo kuwa na miaka 55, hata ukimpunguzia kwa ukarimu wote. Wamaasai wana kalenda ya watu hai, kila rika lina jina na linajulikana lilifuata lipi. Halmashauri ingeweza kuwa na karatasi moja tu, upande mmoja matukio ya Upareni, Mbiru, njaa, mafuriko, uhuru, na upande wa pili marika ya Kimaasai na miaka yake. Haihitaji bajeti. Inahitaji mtu wa kukaa na wazee wa pande zote mbili siku moja wakanywa chai.

Na alama za vidole zinazotakiwa kwenye uandikishaji? Mikono iliyoshika jembe au panga la mkonge miaka 50 imesuguliwa hadi mistari imekufa, na mashine inaikataa. Kuhusu hilo tunalia kila mwaka, sitaongeza.

Lugha ni jambo zito zaidi, na hapa nitatoka Gonja kidogo. Ulaya na Marekani wanaotunza wazee waliohamia huko wamegundua kwamba mtu akipata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani humtoka kwanza, akarudi kwenye ile ya mama. Sisi tunaona ni matatizo ya wahamiaji. Lakini bibi wa Mtii alijifunza Kiswahili sokoni na kanisani, na muuguzi wa zamu ametoka Mara au Ruvuma kwa ajira ya serikali. Bibi akianza kusahau, atabaki na Chasu, na muuguzi ataandika kwamba mgonjwa hasemi maneno yanayoeleweka.

Msidhani ugonjwa huo ni wa Wazungu. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani kwetu, wakapima watu wa miaka 70 na zaidi, na makadirio yao yalikuwa kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau. Kilichonivutia katika kazi hiyo ni kilichofuata. Vipimo vilivyozoeleka vinamtaka mzee aandike sentensi, achore umbo, ahesabu kwa kurudi nyuma. Ambaye hakwenda shule anashindwa, na kushindwa kwake kunahesabiwa kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo wakatengeneza kipimo kingine ambacho mzee anapangiwa njiti za kiberiti kwa umbo fulani, naye anaambiwa apange zake vile vile. Hakuna kalamu wala karatasi kwa mzee. Njiti nne za kiberiti ziliweza kuondoa shule katikati ya mgonjwa na daktari. Ningependa kila anayetunga fomu ya huduma ya wazee aanze kwa kuuliza ni kitu gani kisichohusika alichokiweka katikati.

Siku ya huduma nayo inatenga. Wasabato wako Upare wa Kusini tangu 1903, walipoanzia Mamba. Walutheri wana hospitali yao hapo hapo Gonja. Waislamu ni wengi huko Ndungu na Kihurio. Malipo au kliniki ya mkoba ikipangwa Jumamosi, mzee Msabato amepoteza. Ikipangwa Ijumaa na foleni ikafika adhuhuri, Mwislamu amepoteza nafasi yake. Jumanne haina mwenyewe. Na panapolipiwa pawe karibu, maana nauli ya bodaboda kutoka mlimani hadi Maore, kwenda na kurudi, inaweza kula sehemu kubwa ya kile mzee anachofuata.

Mtaniambia: bila uthibitisho watu watadanganya. Watadanganya wachache. Zanzibar waliamua kukabili suala hili kwa njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi kama ana watoto, kama ana mnazi, wala kama sheha anamwonea huruma. Anaulizwa umri na ukaazi, basi. Tajiri naye anapata, na hilo linawaudhi wengi. Mimi haliniudhi. Gharama ya kumlipa tajiri mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kumwacha manamba wa Ndungu nje, na pia inapunguza mamlaka ya mtu mmoja kijijini juu ya mlo wa mwenzake. Kenya nao walikwenda njia ya umri kuanzia 2018, kwa miaka hiyo hiyo 70.

Bara tuna sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na orodha za wasio na uwezo zitaandikwa tena, kijiji kwa kijiji. Ombi langu ni kwamba kwa waliofikisha miaka 70 tusiwaulize uwezo kabisa. Kwa walio kati ya 60 na 70, ikibidi kuuliza, ushahidi wa jirani asiye ndugu ukubaliwe sawa na wa ndugu, na baraza la wazee la kila kijiji cha tambarare liwe na kiti cha mfugaji na kiti cha aliyekuja kwa kazi ya mkonge au mpunga. Wasikae kama wageni waalikwa. Wawe na saini.

Na sisi wa chuo tuna wanafunzi wa ustawi wa jamii wanaokwenda mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Tumezoea kuwapeleka makao makuu ya wilaya, wakakae ofisini kusubiri wateja. Mwakani idara yangu itapeleka kundi la kwanza Ndungu na Maore. Watakaa na meza yao mnadani, siku ya mnada, na mmoja katika kila meza atakuwa anasema Kimaasai au Chasu. Halmashauri imeshaulizwa, na tunasubiri barua.