Gari Lichemshapo Njiani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri ilituomba tuseme juu ya jambo ambalo makarani hudhani ni la madereva, na madereva hudhani ni la mafundi, hata likawa halina mwenyewe. Jambo lenyewe ni gari kuchemsha. Si wachache miongoni mwetu wenye motakaa zao, zilizonunuliwa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi. Injini ikifa kwa joto, mkopo haufi pamoja nayo. Tena wengi wetu husafiri kwa magari ya serikali, na gari hilo likiharibika huulizwa dereva, ijapokuwa aliyesema "Twende tu, tumechelewa" alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Kwanza yafaa ifahamike joto hilo latoka wapi. Petroli au dizeli iunguapo ndani ya injini, kwa makadirio ni theluthi moja tu ya nguvu yake inayosukuma magurudumu. Theluthi ya pili hutoka na moshi, na theluthi ya tatu hubaki katika chuma cha injini, nayo haina budi kuondolewa. Kazi hiyo ni ya maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, yakapokea joto, yakapita katika hozi ya juu mpaka rejeta, yakapozwa na upepo, kisha yakarudi kwa hozi ya chini. Katikati ya njia upo mlango mdogo uitwao themostati, ambao hubaki umefungwa injini ikiwa baridi, na hufunguka wenyewe maji yafikapo nyuzi 82 au 88, kwa kadiri alivyopanga mtengenezaji. Motakaa za Ford za mtindo wa T, zilizotengenezwa tangu 1908 hata 1927, karibu zote hazikuwa na pampu. Maji yalizunguka yenyewe kwa kuwa ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Zilichemsha sana milimani, wala hapana aliyestaajabu.

Kifuniko cha rejeta wengi hukidharau, kumbe ndicho kilicho rahisi kununua kuliko vyote. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke, na kwa kuzuia huko maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali hungoja mpaka karibu 120. Springi ikilegea, faida hiyo yote hupotea. Watu wa nyanda za juu wapaswa kuliangalia zaidi, kwani kadiri upandavyo ndivyo maji yachemkavyo upesi. Mahali palipo mita 1,600 juu ya bahari, maji ya chungu huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Basi aondokaye Morogoro kwenda Iringa na gari lenye shehena na kifuniko kilicholegea, akifika mlima wa Kitonga hukutana na mambo matatu kwa pamoja: injini inafanya kazi kubwa, gari linakwenda polepole hata upepo hautoshi, na maji yenyewe yanachemka mapema. Asiseme mlima una uchawi.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Desturi tuliyoiona katika gereji nyingi ni kubadili kitu kimoja kimoja mpaka bahati iangukie kilicho kibovu, na fedha ya mwenye gari ikawa imekwisha. Sisi twaona aheri kuuliza swali moja kabla ya kushika spana: lachemsha wakati gani? Likichemsha penye msongamano wa magari, na likipoa liendapo mbio barabarani, hapana shaka upepo wa feni haupo. Kama feni ni ya umeme, tazama fyuzi na waya zake; kama yaendeshwa na mkanda, tazama mkanda. Likiwa zima mjini bali lachemsha mlimani na katika mwendo mkali, shuku rejeta. Pengine imeziba ndani kwa kutu na chokaa; pengine imeziba nje kwa mbegu za nyasi, wadudu na tope, hasa kwa wenzetu wazungukao vijijini. Ya nje huoshwa kwa maji yapigwayo toka upande wa injini kwenda mbele, pasipo nguvu nyingi, maana vile vibati vyembamba hupindika. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huenda themostati imegoma kufunguka, au maji yamepungua, au lipo baya zaidi ambalo tutalitaja.

Mkono nao ni chombo cha kupimia, mradi uangaliwe usiguse feni. Hozi ya juu ikiwa ya moto sana na ya chini baridi, maji hayapiti. Na ukifungua hita ikatoa upepo baridi, hali mshale wa joto umepanda, jua kwamba maji hayafiki huko, ama kwa kupungua ama kwa pampu kushindwa. Mshale ukipanda sana kisha ukaanguka ghafula, usifurahi: yawezekana maji yamekwisha hata kipimo hakina cha kupima.

Lile baya tulilolitaja ni kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni maji kupungua kila siku bila tone kuonekana chini ya gari, moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto, mapovu ndani ya rejeta, hozi kuwa ngumu mara tu gari liwashwapo asubuhi, na pengine oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu akiziona asiendelee kuongeza maji na kusafiri. Hedi za siku hizi nyingi ni za aluminiamu, nazo hupinda kwa joto. Ikishapinda, gasketi mpya peke yake haitadumu. Yapasa hedi ipimwe, na ikibidi isawazishwe kwa mashine. Fundi akatayeye kupima, mtafute mwingine.

Njiani je? Mshale uanzapo kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho hata kama jua ni kali, kwani hita ni rejeta ndogo ya pili. Usiposhuka, pita kando, simama, zima injini. Kifuniko kisifunguliwe. Twarudia, kisifunguliwe, hata abiria wakinung'unika. Maji yale yamezuiwa kwa nguvu yakiwa juu ya nyuzi 100, na kifuniko kikiondoka hugeuka mvuke papo hapo, yakaruka usoni na kifuani. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka hozi ya juu iweze kushikwa na kubonyezwa bila kuunguza mkono. Ndipo utie kitambaa kizito, uzungushe kidogo, uache pumzi itoke, kisha ufungue. Maji yatiwe polepole, wala yasiwe baridi sana juu ya chuma cha moto, kwani chuma hupasuka.

Twataka kusema kidogo juu ya themostati, maana hapa tumekutana na ubishi. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema ni kitu cha nchi za theluji. Si kweli. Injini isiyofika joto lake hula mafuta mengi, silinda zake huchakaa upesi, na oili yake hukusanya unyevu. Tena katika baadhi ya injini themostati ifungukapo huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, maji mengi hupita mkato huo bila kufika rejeta, na gari likachemsha zaidi ya kwanza. Kuijaribu ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize katika sufuria ya maji juu ya moto pamoja na kipima joto, utazame kama yafunguka karibu na namba iliyopigwa chapa juu yake. Bibi wa nyumba aombwe ruhusa ya sufuria.

Maji ya kutia nayo yachaguliwe. Maji ya Dodoma na ya visima vya pwani yana chumvi, nayo huacha ndani ya injini ganda lile lile mlionalo katika birika. Dawa ya rejeta ya rangi, iliyochanganywa kama mtengenezaji alivyoagiza, huzuia kutu na hukawiza kuchemka. Lakini aina nyingi zina sumu, na ladha yake ni tamu. Isiwekwe kabisa katika chupa ya soda, wala isimwagwe uani penye watoto na mbwa.

Limebaki neno la kazini. Tumewasikia madereva waliotozwa lawama ya injini iliyokufa kwa kuwa mkubwa wa safari alikataa kusimama. Halmashauri itaombwa ipeleke pendekezo kwamba dereva akisema gari lichemshalo lisimame, neno lake liwe la mwisho, hata kama aliyemo ni mkuu wa idara. Kabla ya hapo, dereva na aandike katika kitabu cha safari saa, mahali, mshale ulipofika, na amri aliyopewa. Na karani aliyemo garini atie sahihi yake chini. Kwa karani hilo ni jambo la dakika moja, lakini kwa dereva laweza kuwa mshahara wa miezi mingi.

Tupo tayari kwa maswali, na twaomba yaanze na madereva.