Takataka haianzie ku ziwa: maneno yetu kwa vijana wa Panzi na Kasha

 

Jana usiku umeme ulikatika tena na kila mtu akaanza kulalamika. Lakini munajua nini inakwama pale ku barrage ya Ruzizi ya kwanza? Chupa na sashe zetu. Mvua inakokota takataka toka ku vilima vya Bukavu, zinashuka ndani ya mito mpaka ziwa Kivu, kisha maji yanazisukuma mpaka pale Ruzizi inatokea. Zinaziba njia ya maji, mashini inasimama, watu wanaingia kuzitoa. Ndani ya delestaji, na sisi tuko na sehemu yetu.

Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki. Ingia soko lolote leo, nyanya utafungiwa ndani ya sashe nyeusi. Serkali tutaendelea kuiuliza. Leo tunaongea juu ya nyumba zetu.

Gari ya takataka, hata ikinunuliwa kesho, haitafika kwetu. Avenyu nyingi za huku ni njia za miguu, na mvua ikinyesha zinateleza. Basi tupange kazi ya miguu: kila nyumba mifuko miwili.

Ndani ya mfuko wa kwanza, maganda ya ndizi na ya mihogo, majani, mabaki ya chakula. Ndiyo yenye uzito, ndiyo yenye kuoza, kwa hiyo yasibebwe mbali. Shimo moja kwa nyumba kumi, kila mara kufunika na udongo, na kisha miezi kadhaa ni mbolea. Mboga zinatoka Kabare. Maganda yarudi Kabare, kwa wenye kulima.

Mfuko wa pili ni vitu vikavu: chupa, mikebe, vyuma. Tutapita mara moja kwa juma, siku ile ile. (Bidon ya manjano hatuitaje, hakuna mama anaitupa.) Mabuye ya radio na sindano visiingie humo hata kidogo, juu mwenye kuchambua anatumia mikono.

Tuseme ukweli: mwaka uliopita tulijaribu na tukashindwa. Tulikusanya chupa majuma sita mbele ya kutafuta mununuzi. Zilijaa ndani ya parsele ya ndugu mumoja, mvua ya usiku mumoja ikazibeba zote mpaka mutoni. Tulikuwa tumezisaidia kusafiri pamoja! Safari hii, mununuzi kwanza, mifuko kisha.

Sashe haziko na mununuzi. Tutazifunga kavu ndani ya mfuko zisifike ku maji, wala tusizichome jioni, moshi wake watoto ndio wanauvuta.

Na mwenye kubeba alipwe. Hii haiko salongo, ni kazi. Bei tutaipanga na wamama leo, maana wao ndio wanajua nyumba inaweza kutoa nini. Burugumestre tunamwandikia siku ya kwanza kumuomba kitu kimoja tu: kiwanja chenye lupango. Wamama wa soko wanalipa taksi kila siku, kiwanja hakiko zawadi.

Tunaanza na nyumba 15 za avenyu hii. Wenye kukubali waandikishe jina kwa shefu wa avenyu. Na mwenye kujua mtu ananunua chupa za plastiki kwa kilo, abakie kidogo, tuko na haja naye.