Konsonanti Zitokazo Kooni

Tamka neno "hewa". Ile h hutokea kooni, kwenye uwazi ulio kati ya nyuzi za sauti. Ulimi hauna kazi hapo.

Ziko konsonanti nyingine za koo ambazo Kiswahili hakina. Shina la ulimi huvutwa nyuma, koo likabana juu ya nyuzi za sauti, pumzi ikapenya kwa kukwaruza. Kiarabu kina mbili za namna hiyo, ha na ain. Kisomali kinazo pia: katika hati ya Kilatini iliyorasimishwa mwaka 1972 huandikwa x na c, ndiyo maana Ali huandikwa Cali.

Hapa Tanzania, Wairaqw wa Mbulu huzitamka kila siku. Ukitaka kujifunza, zoeza sikio kwanza, koo litafuata.