Uji wa Saruji Chini ya Bahari

(Maneno aliyoyasema mwenzetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Katibu aliponiomba nizungumze aliniambia niseme habari ya kazi yangu, lakini watu wasilale. Kazi yangu ni kusoma makaratasi. Miaka hii ya karibuni mengi ya makaratasi hayo yanahusu visima vya gesi, kwa hiyo leo nitasema juu ya saruji. Najua saruji haichangamshi baraza. Nawaombeni subira.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Tangu mwaka 2010 nyingine imegunduliwa katika bahari yetu kuu, mahali penye maji ya kina cha zaidi ya meta 1,000. Watu wakiizungumza gesi hiyo huzungumza fedha. Mimi napenda tuzungumze kile kinachoizuia isitoke pasipotakiwa.

Kisima huchorongwa kwa hatua. Kila hatua ikiisha, bomba la chuma huteremshwa shimoni. Bomba ni jembamba kuliko shimo, kwa hiyo unabaki mwanya kulizunguka pande zote, na mwanya huo usipozibwa gesi itapanda humo kama moshi katika dohani. Ndipo uji wa saruji unapopigwa kwa pampu ndani ya bomba mpaka chini kabisa, ukatokea mdomoni mwake na kupanda kwa nje, katika ule mwanya. Hakuna jicho linaloona. Fundi wa nyumba akipiga lipu vibaya utauona ufa; huku chini, kilometa kadhaa ndani ya mwamba, utaona namba tu.

Vijana wa kemia wanajua kwamba saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji, na ndiyo maana hushika hata chini ya bahari. Kule chini kuna joto, nalo huharakisha kuganda, kwa hiyo hutiwa dawa ya kuichelewesha isije ikashika bado imo njiani. Mafundi wetu wa mitaani wanajua kuwa sukari ikiingia katika zege, zege haishiki. Dawa zile hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila kwa kipimo.

Hatari iko katika saa za katikati. Mnakumbuka uji wa asubuhi wa hapa shuleni (natumaini siku hizi una sukari). Ukiwa wa moto huenda upendako. Ukianza kupoa hushika pembeni mwa sufuria. Saruji nayo ikiwa majimaji, uzito wake wote hulemea chini na kuikandamiza gesi. Ikianza kushika, hujishikiza kwenye chuma na kwenye mwamba, uzito wake haufiki tena chini kama mwanzo, na bado haijawa jiwe. Ni wakati huo gesi hupenya, ikajitengenezea njia, na njia hiyo huweza kubaki ndani ya saruji hata baada ya kugeuka jiwe. Kwa hiyo watu hungoja, kisha hupima.

Sasa mfano. Kisima cha Montara kilikuwa katika Bahari ya Timor, kaskazini-magharibi mwa Australia, mahali ambapo maji hayafiki hata meta 100. Mwezi wa Machi 2009 mafundi walipiga saruji chini ya bomba. Huko chini huwekwa vali zinazouruhusu uji kutoka na kuuzuia usirudi. Siku ile vali hazikushika, na mapipa zaidi ya 16 yakarudi juu. Wakayasukuma tena chini. Kwa kufanya hivyo waliiondoa saruji pale ilipotakiwa kubaki, na mahali pake pakaingia maji. Uchunguzi wa serikali ya Australia ulionyesha baadaye kwamba saruji ile haikupimwa kama ilivyopasa, na kwamba kifuniko kimoja cha ziada hakikufungwa kamwe. Kisima kikaachwa hivyo miezi mitano. Tarehe 21 Agosti 2009 mafuta na gesi vikafumuka. Watu 69 waliokuwa kazini waliondolewa salama, lakini kisima hakikuzibwa hadi tarehe 3 Novemba, siku 74.

Ripoti ya ile siku ya Machi ilipelekwa ofisini, nchi kavu. Yale mapipa yaliyorudi yalikuwamo. Huko ofisini hayakumshtua mtu.

Huyo wa ofisini ndiye ninayemfikiria, ndugu zangu, kwa sababu nimekaa kiti kama chake. Nikiwa na miaka miwili kazini, katika wilaya moja, niliwekewa mezani fomu ya kisima cha maji cha kijiji. Iliandikwa kwamba sehemu ya juu, meta sita kulizunguka bomba, imezibwa kwa saruji. Ilikuwa Ijumaa, gari lilikuwa linaondoka. Nikatia sahihi. Masika yalipofika maji yalitoka na harufu ya zizi, na watoto wa shule ya msingi pale wakaugua matumbo. Tulipofukua tulikuta saruji ya shubiri mbili, na chini yake mchanga mtupu. Hakuna aliyenilaumu. Fomu yangu ilikuwa kamili.

Nirudi Montara. Ng'ambo ya maji yale, zaidi ya kilometa 200, kuna kisiwa cha Rote nchini Indonesia, na watu wake hulima mwani. Wenzetu wa Paje na Jambiani wanaijua kazi hiyo: vigingi, kamba, kungoja maji yapwe. Mwani wao ukafa. Wakulima zaidi ya 15,000 walishtaki. Machi 2021 mahakama ya Australia ikaamua kwamba mafuta yalifika kwao na kuua mwani, na Novemba 2022 kampuni ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5, bila kukiri kosa. Mtoto aliyezaliwa Rote mwaka ule kisima kilipofumuka alikuwa sasa na umri wa kuingia kidato cha kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimekuja na karatasi moja ya mfano, isiyo na jina la kisima wala la kampuni. Ni mchoro wa kipimo cha dakika thelathini: saruji ikiwa nzima, mstari hulala sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Huu unalala vizuri, kisha baada ya dakika ya kumi na mbili unaanza kushuka, kidogo sana. Pembeni mtu ameandika kwa mkono sababu ya kushuka huko, nayo ni sababu nzuri, imeandikwa vizuri. Mwalimu wa fizikia ameniruhusu niibandike mlangoni mwa maabara. Nitakuwapo hapa mpaka kesho mchana. Kijana atakayeisoma anijie aniambie kama angetia sahihi.