Nani Kakuhadithia? Uvumi wa Chanjo na Funzo la Kano

 

Ndugu zetu katika imani, tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, sisi tunaozungumza nanyi hapa tulisimama tukasoma ujumbe wa simu uliodai kwamba chanjo ya surua imetiwa dawa ya kufunga uzazi wa mabinti zetu. Hatukumuuliza aliyetuletea kaupata wapi. Wiki ile wazazi kadhaa wa madrasa yetu wakawazuia watoto wao. Kisha mama mmoja akatujia na swali dogo: "Ustadhi, ujumbe ule sanadi yake ni ipi?" Tulifedheheka, kwani sisi ndio tuliomfundisha mwanawe neno hilo. Tukaufuatilia: aliyetuletea alitumiwa na shemeji yake, shemeji alitumiwa na mfanyakazi mwenziwe, na huyo alitumiwa na namba asiyoijua. Sanadi ikakatikia hapo. Mpokezi asiyejulikana, majhuul, hatumkubali katika Hadith, lakini katika simu tulimpandisha hadi kwenye mimbari.

Anayedhani jambo hili ni dogo na aitazame Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 jimbo hilo lilisimamisha chanjo ya polio, kwa madai kwamba ina dawa za kuwapunguza Waislamu kizazi. Iliporejeshwa Julai 2004, baada ya vipimo na baada ya Kano kukubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, virusi vilikwishatoka. Mwaka 2005 kirusi chenye asili ya Nigeria kilipooza watoto zaidi ya 400 Yemen, na wapatao 300 katika Indonesia hiyo hiyo, nchi iliyokuwa haijaona polio tangu 1995. Uvumi ulioenezwa kwa jina la kuulinda Umma uliwalemaza watoto wa Umma.

Lakini tuwafanyie uadilifu watu wa Kano, maana hawakuwa wajinga. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya hapo majaribio ya dawa iitwayo Trovan, yaliyohusisha watoto 200, na 11 kati yao wakafariki. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo sababu, ila mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi ya jimbo. Na huko Pakistan, mwaka 2011, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama pazia la kumsaka Osama bin Laden. Walipa chanjo waliouawa huko baadaye wengi wao walikuwa Waislamu, na wamo wanawake. Uwongo haumei penye mwamba. Humea kwenye jeraha la kweli. Anayemwambia mzazi "acha ujinga" bila kulitaja jeraha hilo hatasikilizwa, na kwa maoni yetu hastahiki kusikilizwa.

Wapo wanaoyaita haya al-ghazwul fikri, uvamizi wa fikra. Neno ni sahihi, ila tumezoea kumtafuta mvamizi ng'ambo, na huku uvumi wa Kano ulisemwa kwa ndimi zetu wenyewe, na msomi mwenye shahada ya udaktari akiwa mbele.

Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Neno la amri hiyo lina visomo viwili. Wengi husoma fatabayyanuu, yaani tafuteni ubainifu. Hamza na al-Kisaai wamesoma fatathabbatuu, yaani tulieni, msiharakishe. Mara nyingi hatuna uwezo wa kufanya la kwanza. Nani kati yetu ana maabara? Lakini la pili hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza: kuuacha ujumbe ulale usiku mmoja kabla ya kuutuma.

Kano ilirudi vipi? Si kwa matangazo ya redio pekee. Masultani, maamiri na maimamu waliingia kazini, waalimu wa vyuo vya Qur'an wakashirikishwa, na watu waliolemazwa na polio wakapita mlango kwa mlango wakijionyesha miguu yao. Mwaka 2014 Al-Azhar na Majmaa ya Fiq'hi ya Kimataifa, pamoja na wengine, wakaunda kundi la ushauri la Kiislamu kuhusu polio. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na polio ya asili. Ilichukua miaka kumi na sita kukitengeneza kilichoharibiwa kwa miezi kumi na moja.

Nasi tumefungua daftari katika madrasa yetu. Anayeleta habari ya kutangazwa msikitini huandika jina lake, aliyempa, na aliyempa huyo. Mpaka sasa kurasa zilizojaa ni chache, kwani wengi wakifika kwenye jina la tatu huchukua viatu vyao wakaondoka. Jumamosi hii baada ya Isha muuguzi wa zahanati yetu atakaa nasi kujibu maswali ya wazazi, yakiwemo makali. Akina mama wana nafasi yao upande wa kulia. Njooni na simu zenu.